Wageni Katika Somo la Tsanko

Hakuna aliyemlazimisha Zdravka Kalcheva kuanzisha ule mduara. Hakuongezewa mshahara, hakupewa cheo, na kahawa aliinunua mwenyewe. Kila Jumatano, vipindi vikiisha, wahadhiri wa Idara ya Ujenzi walikusanyika chumbani kwake, dirisha likitazama milima ya Balkani, ili wafundishane kufundisha. Kanuni alizitunga chache. Kila mmoja afungue mlango wa darasa lake, wenzake waingie. Wageni wakae nyuma na wawatazame wanafunzi, si mwalimu. Baada ya hapo mwenye somo aseme kwanza, kisha wageni waseme walichokiona, bila kumpa mtu alama. Na kilichoonekana darasani ni mali ya mwenye darasa. Hakitoki nje bila idhini yake.

Jumatano hiyo zamu ilikuwa ya Plamen, anayefundisha mambo ya zege.

“Nianze mimi?” Plamen alisema, kipande cha banitsa, ule mkate mwembamba wa tabaka za jibini, kikiwa mkononi. “Walilala wangapi?”

“Wawili,” alijibu Bilyana, mdogo wao kuliko wote.

“Wawili tu? Mwaka jana hata mimi mwenyewe nilikuwa nasinzia.”

Wakacheka. Zdravka naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango, alipokaa mumewe, Tsanko Kalchev. Tsanko hakuwahi kukosa mkutano. Ndiye aliyeosha vikombe vya watu wote baada ya kahawa, bila kuombwa. Ndiye aliyemshikia Profesa Hadzhiev koti, mzee aingize mikono polepole. Wote walikwisha kufungua milango yao, hata Profesa mwenyewe, ambaye siku ya zamu yake chaki ilimponyoka. Mlango wa Tsanko tu ndio uliobaki umefungwa.

Profesa Hadzhiev, mkuu wa idara, alikohoa kidogo. Alikuwa mtu wa adabu, na habari mbaya ilimwia vigumu kuitoa, kana kwamba anamwomba mgeni aondoke.

“Mkuu wa kitivo ameniita,” alisema. “Ni kuhusu Statiki. Nusu ya mwaka wa kwanza wameanguka tena, na wengine wamehama kabisa. Anasema mambo yakiendelea hivi, somo hilo atapewa mtu kutoka mji mkuu. Nikamwambia, sisi tuna mduara wetu, tunasaidiana. Akaniuliza, mduara umeshaingia kwa Kalchev?”

Kila mtu alitazama kikombe chake. Statiki, zile hesabu za nguvu zinazofanya jengo lisimame lisianguke, lilikuwa somo la Tsanko tangu alipokuwa na nywele nyeusi.

“Karibuni wiki ijayo,” alisema Tsanko, akainuka kwenda kuosha vikombe.

Nyumbani Zdravka alifurahi waziwazi, kama msichana. Alimfuata mumewe kutoka jikoni hadi sebuleni.

“Nikusaidie kuandaa?”

“Hapana. Niachie mwenyewe.”

“Maana ungeweza kuanza na swali dogo tu, halafu ukae kimya. Ule ukimya ndio—”

“Zdravka. Niachie.”

Mama yake Tsanko, Bibi Tota, alikuwa mezani akimenya vitunguu saumu. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusuka nguo, na mambo ya wageni aliyajua.

“Wageni wakija, nyumba hufagiliwa,” alisema. “Kiwandani kwetu, akija mkaguzi tulipaka rangi hata miti.”

“Mama, hawa si wageni wa kufagiliwa,” alisema Zdravka. “Sisi tunataka tuone vumbi lilipo.”

“Vumbi?” Bibi Tota aliweka kisu chini. “Nani anaita watu waje kumwonea vumbi lake?”

“Sisi, mama.”

“Ndiyo maana mnakunywa kahawa nyingi,” alisema bibi, akachukua kitunguu kingine.

Siku ya somo Tsanko alipiga pasi shati lake mwenyewe. Kwenye meza ya mbele kulikuwa na chombo cha maua, na maji yake yamejaa mpaka juu. Zdravka aliyaona maua hayo alipoingia, na kitu kikamgusa moyoni, lakini hakukipa jina. Alikaa nyuma pamoja na Plamen, Bilyana na Profesa.

Siku za kawaida Tsanko aliwapa wanafunzi mgongo. Aliandika kutoka kona moja ya ubao hadi nyingine, mwandiko wa kupendeza kama wa mwalimu wa zamani, na kila baada ya muda aliuuliza ubao, “Inaeleweka?” na kujijibu, “Inaeleweka.” Wanafunzi walipiga picha kwa simu na kuondoka. Zdravka alijua hivyo kwa sababu wanafunzi hao hao walikuja kwake mwaka wa pili.

Leo Tsanko alisimama akiwatazama. Alichora boriti iliyolala juu ya maegemeo mawili, na mzigo juu yake. Akauliza ni nguvu zipi zinazoisukuma boriti. Mikono yote ikapanda juu, wote, pamoja na yule kijana wa mstari wa mwisho ambaye hata kalamu hakuwa nayo.

“Angalia mikono,” Plamen alinong’ona. “Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Enzi zetu zimerudi.”

“Nyamaza,” Zdravka alisema. Lakini aliangalia, na mkono wa yule kijana ulikuwa wa kushoto.

Kabla ya mlango kufunguliwa Tsanko alikuwa ameamua swali lipi litangulie na lipi lifuate. Lakini mtu akiwa na hofu huruka ukurasa. Aliruka.

“Sasa, egemeo la kushoto linabeba mzigo kiasi gani? Yoana.”

Msichana mwembamba wa mstari wa mbele akasimama wima. “Itapinda zaidi hapo katikati,” alisema, kwa sauti safi, bila kusita.

Hakuna aliyecheka. Aliulizwa kiasi gani, amejibu mahali. Yoana mwenyewe aliusikia ubaya wake, akamtazama mwalimu kwa macho ya mtu aliyevunja sahani ya watu.

“Vizuri sana, Yoana,” alisema Tsanko. “Kaa.”

Kisha shingo ikamgeuka nyekundu, kuanzia kwenye kola hadi masikioni. Akageukia ubao. Hakugeuka tena hadi mwisho wa saa.

Walipokusanyika chumbani kwa Zdravka baada ya somo, Plamen alikuwa amekuja na chupa ya rakia, pombe kali ya matunda aliyoipika baba mkwe wake. Alimmiminia kila mtu tone, na Tsanko akamiminiwa zaidi. Kanuni ilimtaka mwenye somo aanze.

“Nadhani lilikwenda,” alisema Tsanko.

“Lilikwenda,” alisema Profesa upesi. “Na mwandiko huo, Kalchev, ni wa kuwekwa kwenye fremu.”

“Mimi nimejifunza,” alisema Plamen. “Kweli. Ule mchoro wa boriti nitauiba.”

Bilyana alitazama viatu vyake. “Wanafunzi walikuwa wachangamfu,” alisema.

Zdravka aliwasikiliza. Hawakuwa waongo, wenzake hawa. Walimpenda Tsanko. Mwaka Bilyana alipohamia mjini, Tsanko ndiye aliyembebea jokofu hadi ghorofa ya nne. Mke wa Plamen alipolazwa, Tsanko alimshikia vipindi muhula mzima na hakutaka hata shukrani. Sasa walikuwa wanamrudishia, kila mmoja kwa alichonacho. Nao walimwonea haya Zdravka pia, kwa kuwa ni mkewe. Wema ulijaa chumbani mpaka pumzi ikawa nzito.

“Basi,” alisema Profesa akisugua mikono, “kesho nitamwambia mkuu wa kitivo kwamba tumeingia na tumeridhika. Mambo yamekwisha.”

“Usimwambie, Profesa,” alisema Zdravka.

“Kwa nini, binti yangu?”

“Kwa sababu hatukuona kitu. Wale watoto walipewa majibu kabla.” Akamgeukia mumewe. “Uliwafanyisha mazoezi lini?”

Tsanko aliweka glasi mezani. “Jumatatu.”

“Zdravka,” alisema Plamen, “hebu tunywe kwanza, mama.”

“Kunywa tumekunywa miaka yote, Plamen. Mwezi wa Juni watakaa kwenye mtihani, na huko hakuna wa kuwanong’oneza. Wataanguka, na somo litachukuliwa, na sisi tutasimama pale tukisema, lakini lilikuwa zuri sana, tuliridhika. Mduara huu nimeuanzisha wa nini? Wa kula banitsa?”

Tsanko akainuka. Zdravka alidhani anaondoka, lakini alikusanya vikombe, kisha glasi, akaenda kwenye sinki na kuviosha kimoja kimoja kama kila Jumatano. Akavifuta, akavipanga. Kikombe cha mkewe alikifuta sawa na vingine. Kisha akamshikia Profesa koti, akachukua lake, akatoka.

Kabichi ya majira ya baridi haingoji watu wapatane. Pipa la kabichi iliyochachushwa kwa chumvi lilisimama barazani, na kila baada ya siku chache maji yake ya chumvi yalipaswa kufunguliwa chini na kumiminwa tena juu, vinginevyo kabichi huoza. Hiyo ilikuwa kazi ya watu wawili. Tsanko alishika ndoo chini ya bomba, Zdravka alisimama juu ya kigoda akipokea na kumimina. Walifanya hivyo mara mbili.

“Ulinidanganya,” alisema Zdravka hatimaye.

“Wewe umenivua nguo mbele ya watu.”

“Nimesema nilichokiona. Ndiyo kanuni.”

“Kanuni yako.” Alimpa ndoo. “Ulitaka nifanye nini? Watu waingie, waone mume wa kiongozi wa mduara hajui kufundisha? Wangesema, anawafundisha wenzake na wa nyumbani amemshinda. Mganga hajigangi. Nilifikiri nakusitiri.”

Zdravka alibaki na ndoo mikononi. Hilo hakuwa amelifikiria.

“Sikuomba kusitiriwa, Tsanko.”

“Najua. Wewe huombi kitu. Unafundisha tu.” Akainamia bomba tena, na maneno yaliyofuata aliyasema akiwa ameinama, kana kwamba analiambia pipa. “Unajua kwa nini nakaa na ubao? Nikigeuka naziona sura zao. Wote wananitazama hivyo, na hakuna hata mmoja aliyeelewa. Mwaka baada ya mwaka. Sijui niseme nini. Ninachojua nimeshakisema. Nikiangalia ubao, angalau ubao uko sawa.”

Hapo Zdravka angenyamaza. Baadaye, kwa siku nyingi, alijilaumu kwamba hakunyamaza. Lakini alikuwa mwalimu, na mbele yake palikuwa na tatizo.

“Sasa hapo ndipo pa kuanzia,” alisema, akishuka kigodani kwa haraka. “Huna haja ya kusema kitu. Waweke wawili wawili, wape boriti moja, waelezane wao kwa wao, halafu wewe unapita—”

“Hata hapa,” alisema Tsanko kwa sauti ya chini. “Hata hapa, Zdravka. Kwenye kabichi.”

Akafunga bomba na kuingia ndani.

Bibi Tota, ambaye dirisha lake lilifungukia barazani, alitoa kichwa. “Maji yamekwisha kumiminwa?”

“Bado, mama.”

Bibi akatoka na sweta lake, akaishika ndoo yeye. Walimalizia kazi pamoja, polepole, kwa kuwa mikono ya bibi haikuwa na nguvu tena.

“Baba yake nilijua kumnyoa,” alisema bibi, “vizuri kuliko kinyozi. Mkono wangu ulikuwa mwepesi. Lakini kila Jumamosi alikwenda kulipa kwa kinyozi. Nililia mwanzoni. Nikadhani ananiona mchafu.”

“Sasa kwa nini alikwenda?”

“Nitajuaje? Hakusema. Lakini kila Jumamosi alirudi amenyolewa, na mwisho nikaacha kulia.” Alifuta mikono kwenye sweta. “Ingia ndani, mwanangu. Umevaa viatu vyepesi.”

Jumatano iliyofuata Tsanko hakuja kwenye mduara. Profesa alikuja, akasema bado hajamwambia mkuu wa kitivo lolote, na kwamba mkuu wa kitivo hatangoja milele. Plamen hakutania. Walikaa muda mfupi, kila mmoja akajitafutia sababu ya kuondoka. Bilyana alibaki nyuma akizungusha kofia yake mikononi.

“Dokta Zdravka, kuna jambo. Dokta Tsanko ameniomba niingie darasani kwake. Kesho. Bila mazoezi, bila maua.”

“Kweli?” Zdravka alisimama. “Saa ngapi? Nitahamisha kipindi changu.”

Kofia ikazunguka tena. “Amesema nije peke yangu. Amesema wewe usije.”

Zdravka alikaa. Yeye ndiye aliyesoma vitabu, yeye aliyewabembeleza mmoja mmoja hadi wakakubali, yeye aliyepika banitsa usiku na kuja nayo asubuhi. Nyumba ameijenga, na sasa analazwa nje.

“Sawa,” alisema. “Sawa. Wewe nenda. Utaniambia ilivyokuwa.”

“Siwezi.”

“Bilyana. Sitaki mengi. Niambie tu kama aligeuka.”

“Kilichoonekana darasani ni mali ya mwenye darasa,” alisema Bilyana. Macho yalimjaa maji, kwa kuwa hakuwa na tabia ya kumkatalia mtu. “Kanuni ni yako, Dokta. Ukiniuliza tena nitakuambia, nakujua na unanijua. Halafu sitaweza kumtazama usoni, wala hatanikaribisha tena. Tafadhali usiniulize.”

Zdravka alifunga droo ya meza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Bilyana hakukimbia. Alimchemshia chai, akaiweka karibu na mkono wake, akakaa naye hadi ikapoa kiasi cha kunyweka. Ndipo akavaa kofia.

Siku ya pili theluji ilianza kuanguka tangu asubuhi. Wakati wa somo la Tsanko Zdravka hakuwa na kipindi. Chumba cha mumewe kilikuwa ghorofa ya chini yake, ngazi chache tu. Alikwenda hadi kwenye ngazi. Akashuka mbili, akasimama kama mwizi, mkono kwenye reli. Mwanafunzi mmoja alipita akamsalimu kwa heshima, naye akajifanya anatafuta kitu mkobani. Kisha akarudi juu, akaketi, akasahihisha kazi za wanafunzi ambazo asubuhi ile ile alikwisha kuzisahihisha.

Jioni ilipokaribia alishuka kwenda nyumbani. Tsanko alikuwa amesimama nje ya mlango mkubwa, theluji imemkaa mabegani. Tangu siku ya kabichi walikuwa wakirudi kila mtu kivyake.

“Umesimama hapa tangu lini?” alimuuliza.

“Si sana. Njia inateleza,” alisema Tsanko, akampa kiwiko ashike.

Walipanda mlima kuelekea mtaani kwao. Zdravka aliuma ulimi. Walipita duka la dawa, wakapita kituo cha basi, naye ulimi bado ameuma.

“Bilyana amekuambia?”

“Hakuniambia kitu.”

“Ulimuuliza?”

“Nilimuuliza.”

Tsanko akatikisa kichwa kidogo, na pembeni mwa mdomo wake pakawa na kitu kinachokaribia tabasamu. “Mtoto mzuri yule.”

Wakaenda tena kidogo.

“Yoana alisema amepotea tangu Oktoba,” alisema Tsanko. “Nilimuuliza, amepotelea wapi. Akanionyesha. Mwingine akasema naye ni hapo hapo. Kisha mwingine. Darasa zima lilikaa pale pale, Zdravka, tangu wiki za mwanzo, na mimi nimefika Desemba peke yangu.”

Zdravka alikaza mkono kwenye kiwiko chake.

“Baada ya hapo nikaenda kwa mkuu wa kitivo. Mwenyewe, kabla Profesa hajalazimika kusema uongo kwa uzee ule. Nimemwambia narudi nyuma, naanza upya pale walipokwama, na kwamba sitamaliza mada zote za muhula.”

“Akasemaje?”

“Mihadhara ya muhula ujao ataitoa Bilyana. Mimi nimebakiwa na vipindi vya mazoezi.”

Zdravka alisimama katikati ya njia. Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Mtu anadanganya, wanaridhika naye. Mtu anasema kweli, wanamkata nusu. Na aliyemsukuma aseme kweli ni nani?

“Amekunyang’anya somo lako?”

“Amenipa mazoezi. Angeweza kunionyesha mlango.” Alimvuta kiwiko taratibu. “Twende, tutaganda.”

Alikuwa na la kusema kuhusu mkuu wa kitivo. Alikuwa na la kusema kuhusu vipindi vya mazoezi pia, namna ya kuwakalisha, namna ya kuanza, na mengine mengi mazuri, yote yamejipanga kwenye ulimi. Alifungua kinywa. Tsanko alimwona, na bega lake likakaza, kama mtu anayeisubiri sindano.

Zdravka akafunga kinywa. Wakapanda hatua kadhaa.

“Halafu ikawaje?” aliuliza.

“Wapi?”

“Darasani. Walipokuonyesha mahali.”

Tsanko aliangalia mahali pa kukanyaga.

“Nikawaeleza,” alisema. “Hawakuelewa. Nikaeleza tena kwa njia nyingine, hawakuelewa. Saa ikaisha, na hakuna aliyetoka.”